MALI BILA DAFTARI

Ndugu msomaji, katika jiji la Dar es Salaam haipiti siku bila ya watu kuhama. Simama asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi kando ya barabara yoyote ya Sinza, Tabata au Mbagala, nawe utayaona makochi yamelazwa chali juu ya kirikuu, godoro limefungwa kwa kamba ya katani, na juu ya godoro amekaa kijana akililemea lisipeperuke. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji huu watu wasiofika laki tatu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Umati mkubwa kati yao ni wapangaji, na mpangaji hana makao ya kudumu: mwenye nyumba akipandisha kodi, au mtoto wake akioa, au kiwanja kikiuzwa, vyombo huwa barabarani.

Nasema wazi tangu mwanzo. Jinsi tunavyohamisha vyombo vyetu mjini ni aibu kwa watu tuliopelekwa shule. Ni aibu kwa mwenye vyombo, ni aibu kwa kampuni inayolipwa kuvihamisha, na ni dhuluma kwa kijana anayevibeba. Nao ugonjwa wa wote watatu ni mmoja, nao ni kwamba hakuna kinachoandikwa. Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeukariri darasani, tumeuandika ubaoni kwa chaki, na tukifika mlangoni siku ya kuhama tunausahau wote.

Mimi nilikuwa mwalimu kwa miaka 38, na kwa miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Tangu nilipohitimu Chuo cha Ualimu Marangu hadi nilipostaafu mwaka 2011, nilihamishwa vituo saba. Kila nilipohama, kulikuwa na jambo moja ambalo Ofisi ya Elimu haikukubali liachwe, nalo ni makabidhiano. Mwalimu mkuu anayeondoka na yule anayeingia huzunguka pamoja chumba hadi chumba wakiwa na leja mkononi. Madawati mangapi mazima, mangapi mabovu. Majembe mangapi. Kengele moja. Vitabu vya Hesabu Darasa la Nne, nakala kadhaa, nyingine hazina jalada. Kisha wote wawili hutia saini, na mwenyekiti wa kamati ya shule hushuhudia. Hakuna aliyemwona mwenzake kuwa mwizi. Tulifanya hivyo ili kesho pasiwe na sababu ya kuitana mwizi.

Sasa nauliza. Ikiwa madawati mabovu ya shule ya msingi yalistahili saini mbili na shahidi, je, nyumba nzima ya mtu, yaani kitanda alichozalia watoto, vyeti vya watoto hao, cherehani ya mama na picha za waliotangulia mbele ya haki, haistahili hata karatasi moja?

Nitatoa mfano ninaoufahamu. Mwaka 2019 binti yangu wa pili alihama kutoka Mwananyamala kwenda Goba. Ni mfanyakazi, ana watoto wadogo, hana nafasi ya kushinda anabeba masufuria, kwa hiyo alikodi kampuni yenye sare, gari lenye maandishi ubavuni na namba za simu. Kwa simu alitajiwa shilingi laki tatu na nusu. Siku yenyewe, vyombo vilipokwisha kupakiwa na funguo za nyumba ya zamani zimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe, msimamizi akasema mzigo umezidi ule uliotajwa, hivyo bei ni laki tano. Mtu mwenye akili timamu atasema nini hapo? Kitanda kiko garini, watoto wako kibarazani, jua linazama. Akalipa. Walipofika Goba na kushusha, sanduku moja halikuonekana. Ndani yake mlikuwa na vyeti vyake vya shule, kadi za kliniki za watoto, na picha za marehemu mama yake, yaani mke wangu.

Nilifuatana naye hadi ofisini kwao. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa kiti na kuniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwa ajili ya sanduku."

"Pole sana, mzee wangu. Lakini tazama hapa chini ya risiti. Haya ndiyo masharti yetu."

Nikavaa miwani na kusoma. Kwa herufi ndogo kama sisimizi ilikuwa imeandikwa kwamba kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu wowote wa mali ya mteja. Nikamwuliza, "Sasa kama hamhusiki na upotevu wala uharibifu, mwanangu, mnalipwa kwa kazi gani?" Akatabasamu. Kisha akauliza swali ambalo silisahau: "Mzee, kwani kuna ushahidi gani kwamba sanduku hilo lilipakiwa?"

Ndugu msomaji, kijana yule aliuliza swali la haki. Hapakuwa na orodha. Neno la binti yangu lilikuwa dhidi ya neno la wapakiaji, na katika mashindano ya maneno matupu mshindi ni yule ambaye tayari ana fedha mfukoni. Sanduku halikupatikana hadi leo. Vyeti tulihangaikia kwa kwenda polisi kuchukua ripoti ya kupotelewa na mali, kisha ofisi baada ya ofisi. Lakini picha za marehemu hazina ofisi inayozitolea nakala.

Basi sentensi ile ya chini ya risiti ndiyo adui wangu wa kwanza katika makala haya. Anayepokea vyombo vya mtu ili avifikishe mahali amepokea amana. Neno hili amana halihitaji wakili kulifasiri. Kila mtoto wa madrasa analijua, na kila mtoto wa Jumapili analijua pia. Hata sheria inalijua. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1961, inasema kwamba aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anapaswa kuitunza kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo ikaunda Tume ya Ushindani, FCC, na kumlinda mlaji ni miongoni mwa kazi zake. Kwa hiyo mwenye kampuni anayechapa sentensi ile anamwambia mteja: nipe amana yako, nilipe ujira wangu, kisha tukubaliane kwamba hukunipa kitu. Mchungaji wa ng'ombe akisema hivyo kijijini hakuna atakayempa hata mbuzi kilema.

Watu husema, "Lakini ile ni kampuni, ina wataalamu." Utaalamu gani? Sare hushonwa kwa siku moja, na maandishi ya garini hupakwa kwa saa tatu. Mtaalamu wa kuhamisha vyombo nimemwona, kwani wapo, na haki yao nawapa. Huja siku moja kabla. Huzunguka chumba hadi chumba, hufungua kabati, huuliza mlango wa nyumba mpya una upana gani na kama gari kubwa linafika mlangoni au barabara yake ni ya mchanga. Hutaja bei baada ya kuona, na akishaitaja huiandika. Huleta maboksi, mablanketi na kamba. Vioo huvisimamisha wima, havilazi. Friji huisafirisha ikiwa imesimama, na akifika huonya isiwashwe mara moja. Kila boksi hulipa namba, na namba huiandika katika karatasi mbili, moja yake na moja yako. Huyo ana haki ya kutoza bei kubwa kuliko wengine, na anayemlipa hajatupa fedha. Wale wengine ni madereva waliovaa fulana zinazofanana.

Sasa nawageukia wenye vyombo, maana tusipojitazama wenyewe hatutakuwa wakweli. Nani aliyeifundisha kampuni kudanganya bei kwa simu? Ni sisi. Tunapiga simu tano, na kazi tunampa aliyetaja bei ndogo kabisa. Kwa hiyo anayetaja bei ya kweli anakosa kazi, na anayetaja bei ya uongo anaipata, kisha anaufidia uongo wake vyombo vikiwa garini. Soko hufundisha watu tabia kama shule ifundishavyo. Mwalimu akimpa zawadi mwanafunzi aliyeibia mtihani, asishangae muhula ujao darasa zima likiibia.

Lakini hoja iliyo nzito kupita zote haihusu sanduku wala bei. Inahusu mtu aliye chini ya mzigo.

Jirani yetu mmoja alihama kutoka ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Vijana wawili waliteremsha friji kubwa, mmoja mbele akishuka kinyumenyume, mwingine nyuma. Penye kona ya ngazi yule wa mbele alikosa kidato, na friji ikamwangukia pajani. Nilikuwa chini uani, nikasikia mlio wa mfupa kwa masikio yangu. Na nakuhakikishia, ndugu msomaji, kwamba swali la kwanza kusikika kutoka juu ya ngazi lilikuwa: "Friji imepona?"

Friji ilipona. Majirani tulichanga nauli ya bajaji na fedha za kuanzia matibabu. Aliyemleta kazini alipoulizwa kuhusu gharama alijibu kwamba kijana yule ni wa deiwaka, si mwajiriwa wake. Hakuna aliyejua jina lake la pili. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, na waajiri wanatakiwa kujisajili na kuchangia. Hiyo ni sheria njema. Lakini jina lisiloandikwa popote litafikaje katika mfuko huo?

Tena tusidhani kwamba jambo hili limeanza juzi. Nchi hii imejengwa juu ya mabega ya wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walishuka hadi Bagamoyo na pembe za ndovu, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Neno letu posho lilitembea katika misafara ile, kwani mpagazi alijua atakula nini kabla hajainua mzigo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza na Wajerumani waliwachukua watu kwa maelfu na maelfu kubeba risasi na unga, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko waliokufa kwa risasi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa. Soko tunaloendea kununua makochi na makabati yetu, Kariakoo, limepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, ambacho kilipiga kambi pale. Na ukienda katikati ya mji ulitazame sanamu la mwaka 1927, utamwona juu amesimama askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini.

Nimeitaja kilo thelathini kwa makusudi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 kuhusu uzito wa mzigo wa kubebwa na mtu mmoja, na pendekezo lililofuatana nao likataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mzima. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Pima basi mwenyewe kabati la mninga lenye milango mitatu ambalo unamwambia kijana, "Jitahidi tu, we si mwanaume?" Tunapiga kelele juu ya lumbesa ya viazi kwa kuwa inamwibia mkulima. Lumbesa ya mgongoni mwa mtu inaiba uti wa mgongo wake, na haina wakala wa kuipima.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, haya yote ni ya nini? Zamani ndugu na majirani walisaidiana, hapakuwa na kampuni." Ni kweli. Mimi ni mtoto wa Upare, na msaragambo naujua. Mtu akijenga au akihama, kijiji kilitoka, mawe yakabebwa, na jioni kulikuwa na dengelua na chakula. Lakini msaragambo ulikuwa na daftari lake, ingawa halikuandikwa: kila mtu alimjua mwenzake kwa jina, kwa ukoo na kwa mlango wa nyumba yake, na aliyeumia aliuguzwa na kijiji kizima. Mjini tumeacha ujima tukashika ujira. Si vibaya, lakini anayeacha kujuana hana budi kushika kuandikiana. Asiye na hili wala lile hana chochote. Zaidi ya hayo, hao ndugu wa mjini unaowaita waje kukubebea bure Jumamosi nao wana migongo, nao hawana bima.

Wa pili atasema, "Mimi ni maskini, natumia guta la kijana wa mtaani, mambo ya mikataba ni ya wakubwa." Nami namjibu kwamba huyo ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote. Tajiri akipotelewa na televisheni hununua nyingine. Maskini akipotelewa na cherehani amepotelewa na kazi. Daftari la shule la mtoto wako lina ukurasa mmoja usio na maandishi, uchane. Kalamu ipo. Shahidi yupo: mjumbe wa nyumba kumi, au jirani mwenye heshima, hatakudai senti.

Wa tatu, mwenye kampuni, atasema, "Tukiwajibika kwa kila kikombe tutafilisika." Hakuna anayetaka ulipe kikombe ambacho mwenyewe alikifunga vibaya. Andikeni kilichofungwa na ninyi na kilichofungwa na mwenyewe. Andikeni kikomo cha fidia ambacho mteja amekisoma na kukikubali kabla ya gari kuwaka. Kateni bima ya mizigo, muiongeze katika bei, na muiseme bei hiyo waziwazi. Biashara ambayo haiwezi kuishi isipokuwa kwa kukana amana, na ife. Nyingine itaota mahali pake.

Ninachodai kinaenea nusu ukurasa. Andika tarehe, utokako na uendako. Andika namba za gari na jina la dereva. Orodhesha vyombo vikubwa kimoja kimoja, na maboksi kwa namba. Andika bei yote, ikiwa pamoja na kupandisha ngazi, na uandike kwamba haitaongezeka vyombo vikiwa garini. Andika nani atalipa kikivunjika kitu. Kisha andika majina ya vijana watakaobeba, majina mawili mawili, ujira wa kila mmoja, chakula chao cha mchana, na nani atakayegharimia matibabu iwapo mmoja ataumia. Wote watie saini au dole gumba. Vyeti, hati na picha za wazee wako usiviweke katika orodha. Vibebe mwenyewe kifuani kama mama abebavyo mtoto.

Kampuni ikikataa kutia saini karatasi hiyo, umekwisha kuijua bila ya kulipa hata shilingi. Ifungulie mlango itoke. Na wewe mwenye vyombo ukikataa kuandika jina la kijana na gharama za matibabu yake, basi usilalamike tena juu ya serikali, wala juu ya matajiri, wala juu ya wakoloni waliowapanga babu zetu mistari wakawabebesha unga. Ulipewa nafasi ya kuwa mwajiri kwa siku moja tu, Jumamosi, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja, na siku hiyo moja uliitumia kama wao walivyozitumia zao.